Mgogo Haombi Radhi

Jumanne, saa nne asubuhi, nilimwacha Recheli amepiga magoti chini ya panga la mumewe, nikaenda kunywa chai.

Ndani ya hadithi, jamani. Msikimbilie polisi, wameshakuja na wameshaondoka. Recheli yule alikuwa wa maneno, na panga lile la maneno, na mimi niliyewaweka pale nilikuwa na njaa. Nikaandika, "Kulwa akainua panga, jua likamulika makali yake," nikabonyeza kutuma, nikajisemea mengine Jumanne ijayo. Chai ilikuwa ya rangi.

Anayeniandikia haya anasema jana nilimwambia ilikuwa ya maziwa. Haya, ya maziwa. Mkono wangu wa kulia umefungwa bendeji mpaka kiwiko, kwa hiyo mimi nasema na mtu mwingine anabonyeza simu, na mtu huyo hana mzaha hata kidogo. Nitamtaja tukifika.

Jina langu Ndahani, ila hapa Tabora hakuna anayelitumia. Ni Mgogo, au Bwana Nyuki. Kwetu ni Bahi. Nina diploma ya ufugaji nyuki, na mwaka wa kumi na tisa huu nazunguka vijijini kuwaambia watu wasiichome moto miti yenye mizinga. Wafugaji wa Ntalikwa wana kundi lao la WhatsApp, watu mia na kitu. Lilianzishwa kwa ajili ya habari za asali. Mimi nikaligeuza kijiwe cha utani.

Na utani wetu si wa jana. Babu zao Wanyamwezi walikuwa wakipita kwetu Ugogo na mizigo begani kwenda pwani, na babu zetu wakawatoza hongo kwa kila kata ya maji. Wakapigana wee, wakazikana, wakachoka, mwisho wakaanza kutaniana. Mpaka leo Mnyamwezi akifiwa, mimi naweza kwenda kulala ndani ya kaburi na kugoma kutoka, na wafiwa watacheka huku wanalia. Masharti ni mawili tu. Mtani hakasiriki. Na mtani haombi radhi. Ukiomba radhi umesema kwamba ulimaanisha, na ukimaanisha utani umekufa.

Basi nikaanzisha hadithi ya Kulwa Mrina Asali. Kulwa ni kijana wa kweli wa Ntalikwa, miaka ishirini na sita, hakuna mti asioupanda. Mkewe Recheli ana ishirini na mbili, mshonaji, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Moravian. Niliwatia kwa majina yao kabisa, maana ni watani zangu. Sehemu ya kwanza, Kulwa anakimbizwa na nyuki mpaka kanisani katikati ya mahubiri, suruali iko mkononi. Sehemu ya pili, Kulwa anajificha kwenye pipa la mkwewe. Kundi zima likafa kwa kicheko, na Kulwa mwenyewe akatuma sauti yake akicheka mpaka anakohoa.

Sehemu ya tatu niliishiwa. Hadithi ilitaka pilipili. Jumatatu nikapita mtaa wa Ng'ambo, na macho yangu haya, ambayo hayajui kupumzika, yakaona mwamvuli wa njano wa Recheli umeegemezwa nje ya banda la Issa, fundi baiskeli. Nikasema asante Mungu, hawara huyu hapa. Nikaandika mwamvuli kama ulivyo, mpaka njiti yake moja iliyopinda. Issa sikumtaja jina. Niliandika tu "fundi baiskeli wa Ng'ambo," utadhani nimemficha kweli kweli. Kulwa wa hadithi akawafumania, fundi akaruka dirisha, mke akapiga magoti, panga likapanda juu. Chai.

Kosa langu lilikuwa hapo. Utani unataka uso. Mtu akutukane huku unaona meno yake yanacheka. Mimi niliutia kwenye simu, na simu haina meno. Mtu mmoja akaichukua ile sehemu ya tatu peke yake, bila kichwa bila mkia, akaituma nje ya kundi. Jumatano ikawa imefika Sikonge na Urambo. Alhamisi ikarudi kwenye simu ya Kulwa ikiwa imegeuka habari. Dada yake wa Urambo: "Kaka pole, tumesikia, mama hali chakula." Mzee wa kanisa: "Kijana, usichukue sheria mkononi." Na gengeni kuna mtu asiyemjua alimpa mkono, akamwuliza kwa upole kabisa, "Ulimkata wapi?"

Ijumaa mchana umeme ulikuwa umekatika. Mke wangu Gaudensia yuko Bahi kumwuguza mama yake. Mimi niko peke yangu pale ninapopanga, Cheyo, nanyoosha shati mezani kwa pasi ya mkaa, ile nzito ya chuma yenye jogoo kwenye kifuniko. Mlango ukafunguka kwa teke.

Kulwa alikuwa amemshika mkewe kifundo cha mkono, anamvuta kama mbuzi aliyekwishajua anapelekwa wapi. Jicho la kushoto la Recheli lilikuwa limefumba kabisa, limevimba kama andazi. Mdomo umepasuka, damu imekauka kifuani kwenye blauzi. Mguu mmoja una kandambili, mwingine mtupu. Na panga lilikuwa la kweli, lile lake la kuchongea mizinga.

Mdomo wangu ulitangulia akili, ndivyo nilivyoumbwa. Nikasema, "Karibuni, wapagazi! Leo mmeniletea mzigo gani?"

Akanipiga ubapa wa panga sikioni. Sikio likalia kama kengele ya misa.

"Leo hakuna utani, mzee," akasema.

Miaka kumi na tisa hakuna Mnyamwezi aliyewahi kuniita mzee. Hapo ndipo nilipoogopa. Lile pigo liliniuma tu, cha kutisha kilikuwa ile heshima.

Akaurudisha mlango, akatia komeo. Akamsukuma Recheli chini pembeni ya meza. Akaisogeza simu yangu mbele yangu.

"Malizia."

"Nimalizie nini, Kulwa?"

"Uliniacha nimeinua panga. Siku tatu leo nimeinua panga, mkono umekufa ganzi. Kila mtu ananiuliza nilifanya nini. Sasa andika nilifanya nini."

"Kulwa, ile ni hadithi. Fundi nimemtunga."

"Mwamvuli umeutunga?"

Nikaitazama simu.

"Njiti iliyopinda umeitunga? Tabora nzima inajua una macho. Wewe huandiki usichokiona."

"Mwamvuli niliuona," nikasema. "Mwanamume sikumwona."

Teke lake lilinikuta kifuani, mimi na kiti tukaenda chini pamoja, na ubavu wangu mmoja ukalia kwa ndani kama kijiti kikavu. Nikapiga yowe. Papo hapo ukuta ukagongwa. Ni Veneranda, jirani yangu wa chumba cha pili. Kila Jumanne ananisikia nikijisomea hadithi kwa sauti za watu wote, wanaume, wanawake na mbuzi.

"We Mgogo!" akapaza sauti. "Leo watu wako wamezidi kelele! Mtoto amelala huku!"

Kulwa alikuwa ameshaweka makali kwenye shingo ya Recheli. Akaninong'oneza, "Mjibu."

"Vumilia jirani," nikasema. "Tuko mwishoni."

"Haya bwana. Usituue na sisi."

Nikanyanyuka, nikakaa, nikaanza kuandika. Vidole vinateleza kwa jasho. *Kulwa akamkamata Recheli kwa nywele.*

Kulwa alikuwa anasoma juu ya bega langu, neno kwa neno, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili. "Sio nywele," akasema. "Shingo. Nilimtoa kitandani kwa shingo. Rekebisha."

Nikarekebisha. *Akamzaba kofi.*

"Sikumzaba kofi."

"Ngumi," Recheli akasema kutoka sakafuni. Ndilo neno la kwanza nililomsikia akilisema siku ile. "Andika ngumi. Na usiandike kama ni leo tu. Andika tangu Pasaka."

Kulwa akampiga teke la tumbo bila hata kugeuka. Recheli akajikunja, akatema damu kwenye mkeka wangu, akavuta pumzi.

"Andika na hilo teke," akasema.

Nikaandika. Sikujua la kufanya ila kuandika. Mume anasahihisha huku, mke anasahihisha kule, na mimi katikati kama karani wa mahakama. Mume anasema mara moja, mke anasema mara tatu. Mume anasema ni mkanda, mke anasema ni chuma cha mkanda, alama hii hapa, na anashusha kola nione. Miaka yote hii najisifu kwa macho yangu. Nyumbani kwao nimekula ugali mara ngapi? Niliona mwamvuli, ile kola iliyofungwa mpaka kidevuni sikuiona.

"Andika alivyoitupa cherehani yangu ukutani," Recheli akasema. "Kikanyagio kikakatika. Nikaipeleka kwa Issa akichomelee. Mwamvuli niliuacha nje kwa sababu ndani kuna cheche."

Nikaacha kuandika. Nikamtazama Kulwa. Nilidhani basi, yameisha, ukweli umeshasemwa na kijana atakaa chini alie. Diploma yangu ni ya nyuki, na nyuki ukishamwonyesha moshi anarudi ndani.

"Kwa nini hukuniambia?" Kulwa akamwuliza.

"Nikuambie kwamba imevunjika? Wewe si ulikuwepo?"

Akamshindilia mpini wa panga begani. Nilisikia mfupa ukikatika.

"Tuma," akaniambia. "Yote. Kule kule kwenye kundi walikonicheka."

Nikatuma. Na kwa kuwa alitaka kila kitu kiwe kweli, nikapata ujanja, nikaongeza kweli yangu: *Kulwa yuko kwangu Cheyo sasa hivi. Mlango una komeo. Recheli anavuja damu. Ana panga.* Akasoma, akatikisa kichwa kukubali. Kweli tupu. Nikatuma, nikasema watu mia, hata mmoja ataruka kwenye pikipiki.

Simu ikaanza kulia tiii, tiii. Kulwa akasoma kwa sauti.

"'Hahahaha! Mgogo leo kajitia mwenyewe kwenye hadithi!'"

Tiii.

"'Safi sana, mwandishi naye achapwe.'"

Tiii. Huyu alikuwa Adriano, mpole kuliko wote, hata nyuki huwapisha njia. "'Kulwa, anza na huyo Mgogo, kata masikio tutayauza mnadani.'"

Tiii, tiii. "'Jamani unatuchelewesha. Kata tukalime.'"

Alikuwa anasoma taratibu, na sauti yake ilikuwa inazidi kuwa nyembamba. Alipofika kwenye lile la kukata akalirudia mara mbili.

"Wanasubiri," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Unaona? Wote wanasubiri."

Akaliinua panga. Recheli alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza, ule wa upande wa bega lililopigwa unaning'inia. Mwanga wa dirishani ukapiga kwenye makali. Ilikuwa ni sentensi yangu ile ile ya Jumanne, kila kitu mahali pake, mpaka jua. Na wasomaji niliowafundisha kucheka walikuwa wanamsukuma mkono.

Nipige kelele? Veneranda angedhani ni hadithi. Niandike "ni kweli, jamani, naapa"? Hadithi zangu zote zina "ni kweli, naapa." Kitu gani Mgogo anaweza kumwambia Mnyamwezi, Mnyamwezi asicheke?

"Kulwa, ngoja," nikasema. "Ngoja. Mimi ndiye niliyekuaibisha mbele ya watu mia. Ukishamkata, nani atakusafishia jina? Niache nikuombe radhi kwanza. Mbele ya hao hao."

Panga likabaki juu. Aibu ndiyo iliyokuwa inamtafuna toka Alhamisi, na mimi nilikuwa nampa dawa yake.

"Andika," akasema. "Na baba yangu mtaje."

Recheli akainua lile jicho lake moja akanitazama. Yeye ni mtoto wa Ntalikwa. Alielewa kabla sijaandika herufi moja. Akainamisha kichwa, ule mkono mzima ukaanza kuteleza polepole juu ya meza.

Nikaandika: *Mimi Ndahani, Mgogo wa Bahi, naomba radhi kwa Kulwa, kwa baba yake na kwa Wanyamwezi wote. Nimekosea. Nisameheni.*

Kulwa akasoma. Akasema "Tuma."

Nikatuma.

Simu ikanyamaza. Hakuna hata mmoja aliyecheka. Nilikuwa sijawahi kulisikia kundi lile likiwa kimya, hata siku ya msiba. Pale juu pakaandikwa Masolwa anaandika. Masolwa ndiye mwenyekiti wa kundi, mzee wa miaka sitini na tano, ananitukana kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki. Ikafutika. Ikarudi, Masolwa anaandika. Kisha tiii.

*Bwana Nyuki, uko salama?*

Kulwa akaisoma kwa sauti. Akaisoma tena kimya. Hasira ilikuwa imempofusha, lakini naye ni Mnyamwezi, na nikaona maana yake ikimwingia taratibu kama maji kwenye kiatu.

"Umewaita," akasema.

Akateremsha panga kwa Recheli.

Watu wananiita shujaa, naomba waache. Nilinyoosha mkono kama ninavyomfukuza nyuki usoni, bila kufikiri. Sikusikia maumivu. Nilisikia *ko*, kama mtu amekata muwa. Nikaona kidole cha mwisho na cha pete viko mezani karibu na simu, kimoja bado na doa jekundu nilipoumwa na nyuki juzi yake. Halafu damu. Damu ikamwagikia kwenye kioo cha simu, na simu ikadhani ni kidole, ikaanza kuandika yenyewe: *kkkkkjjhhhhh kk*. Ikatuma. Katika yote niliyowahi kutuma kwenye lile kundi, hilo ndilo hawakuliwekea kicheko.

Kulwa akavuta panga tena, akaliinua juu zaidi.

Recheli alikuwa ameshaifikia pasi. Mshonaji haitafuti pasi kwa macho. Alinyanyuka nayo kwa mkono mmoja kutoka chini kwenda juu, ikamkuta Kulwa shavuni, kifuniko kikafyatuka, na makaa yote mekundu yakamwingia kwenye kola ya shati. Akalia. Nimeiga sauti nyingi maishani mwangu, ile siiwezi. Na Veneranda naye alijua si yangu, maana sauti zangu zote anazijua. Nikamsikia anatoka mbio na kuanza kuupiga mlango kwa mikono yote miwili.

"Huyo sio Mgogo! Fungueni! Huyo sio Mgogo!"

Kulwa alikata bila kuona. Panga likazama kwenye meza likanasa. Recheli akaishusha pasi kwenye kifundo cha mkono kilichoshika mpini, na kile kifundo kikageukia upande ambao Mungu hakukipangia. Kulwa akaanguka magoti. Shingo yake ilikuwa inafuka moshi. Chumba kizima kilinuka nywele na nyama.

Na Recheli akainua pasi mara ya tatu, juu ya utosi wake.

Akabaki hivyo. Kulwa chini amepiga magoti, yeye juu, chuma kimeinuliwa. Mlango unapigwa. Mimi nimekumbatia mkono wangu, damu inaingia mfukoni.

"Recheli," nikasema.

"Usinimalizie," akasema bila kunitazama.

Nikafunga mdomo.

Mkeka ulikuwa umeanza kushika moto kwa makaa. Recheli akautazama ule moto, akaiweka pasi chini wima, kama wanavyofundishwa, isichome kitu. Akaukanyaga mkeka kwa ule mguu wenye kandambili mpaka ukazimika. Halafu akaenda kutoa komeo.

Veneranda aliingia na mwiko. Nyuma yake akaja mtaa. Robo saa baadaye zikafika pikipiki tano kutoka Ntalikwa, na Masolwa mbele bado amevaa kofia yake ya wavu, alikuwa mizingani. Walimfunga Kulwa kwa kamba za kupandishia mizinga. Adriano alikuwemo. Aliviona vile vidole mezani, akatoka nje kutapika, na hajaniandikia neno mpaka leo.

Kituoni polisi wakatupa PF3 mbili, fomu za kutibiwa, tukapanda hospitali. Ubavu umevunjika mmoja, vidole havikurudi. Recheli amevunjika mfupa wa bega na meno mawili. Kulwa ameungua shingo na shavu, mkono una plasta, yuko mahabusu anasubiri tarehe ya kesi. Masolwa alikuja wodini siku ya pili. Akavuta kiti, akautazama mkono wangu.

"Babu zenu walitutoza hongo miaka na miaka kwa kikombe cha maji," akasema. "Vidole viwili. Wewe nawe umeanza kulipa."

Nikacheka mpaka nesi akaja, ubavu ukaniuma mpaka machozi. Nikajua utani haujafa.

Wiki ya pili, kundi likaanza kuuliza mwisho. Sio kwa kicheko. Wanaulizana hadithi iliishia wapi na kweli ilianzia wapi, na mimi sina mkono wa kuandikia. Nikasema natafuta mtu wa kunishikia simu. Aliyekuja kugonga alikuwa Recheli.

Ndiye huyu. Siku ya pili leo amekaa hapo mbele yangu, bega kwenye kombeo, jicho limefunguka nusu, anaandika kwa mkono mmoja haraka kuliko mimi nilivyokuwa naandika kwa miwili. Ameniachia mizaha yangu. Chai ndiyo hakuniachia.

Nilikuwa nimeandaa mwisho mzuri. Nikamwambia andika: Kulwa analia mahabusu, anatuma salamu, Recheli anampelekea uji, wanatazamana kwenye nondo, na msimu ujao wa asali wanaonekana wote wawili juu ya pikipiki moja.

Akaiweka simu mapajani.

"Hiyo siandiki."

"Watu wanapenda ikiisha vizuri."

"Wanapenda. Walipenda pia nikatwe."

Nikatazama dirishani. "Basi mimi ndiye niliyekuletea yote haya, Recheli."

"Usijikweze, Bwana Nyuki. Alianza Pasaka, wewe hata hujaiwaza hiyo hadithi yako. Ulichompa ni sababu na watu wa kutazama."

"Hata hivyo naomba…"

Akainua kiganja. "Ukiniomba radhi tena naita watu."

Akacheka. Kwa upande mmoja wa mdomo, ule mzima. Simu anayo yeye. Kuanzia hapa chini si mimi.

Mimi ni Recheli. Bwana Nyuki amelala, au anajifanya amelala. Nimesoma yote tangu juu na sijafuta kitu, hata pale aliposema kwamba chumbani kwake nilipiga magoti. Sikupiga magoti. Nilianguka. Nimemwachia, lakini mjue.

Pasi niliishusha kwa sababu mkeka ulikuwa unaungua na nyuma ya ukuta ule Veneranda ana mtoto amelala. Wanaouliza kama nilimhurumia, jibu ni hilo.

Kwa Kulwa sirudi. Nguo zangu Mzee Masolwa amezichukua, ziko kwa shangazi hapa Cheyo. Siku ya kesi nitakwenda na nitasema ngumi, sitasema kofi.

Cherehani iko tayari tangu juzi. Issa amekichomelea kikanyagio, anasema sasa hata tembo akikanyaga. Naifuata leo kabla jua halijawa kali. Mwamvuli nauchukua, ule ule wa njano, na nikifika nitauegemeza nje kama kawaida kwa sababu ndani kuna cheche.

Atakayeuona, na auone.